Anayetaka Kuondoka: Mhadhara juu ya Imani, Madhehebu Mapya na Shakahola



Tangu Aprili 2023 swali moja limezunguka Kenya nzima, kwenye matatu, redioni, Bungeni, hata kwenye matanga: lile kundi la mhubiri Paul Mackenzie lilikuwa kanisa, au lilikuwa dhehebu potovu lililojiita kanisa? Nimeombwa nilijibu leo. Nitalijibu, ila nitaanza kwa kulilalamikia swali lenyewe, kwa sababu naamini ndilo lililotuchelewesha. Tulibishana miaka mingi kama mafundisho ya mtu yule ni ya kweli au ya uongo, na huku tunabishana watoto walikuwa wanaondolewa shuleni mmoja mmoja mbele ya macho yetu.

Kesi za Mombasa na Malindi zina mahakimu na majaji wake. Mackenzie amekanusha mashtaka, na si kazi yangu kumhukumu mtu kwenye jukwaa. Nitashika yale ambayo hayana ubishi: kwamba katika msitu wa Shakahola, kwenye ardhi ya Chakama, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, kwamba uchunguzi wa maiti ulionyesha wengi walikufa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kukoseshwa pumzi, na kwamba wote hao walikuwa watu wa imani.

Tuyatazame mafundisho kwanza, kwa kuwa hapo ndipo wengi huanzia. Mhubiri yule alifundisha kwamba mwisho wa dunia umekaribia. Ni Mkristo gani hajafundishwa hivyo? Ni Mwislamu gani asiyeamini Kiyama na ujio wa Dajali? Alisema Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, ni alama ya mnyama. Mwaka 2019 maneno hayo yalisikika katika makanisa mengi ambayo mpaka leo yana kwaya, vyama vya akina mama na akaunti za benki. Alikataza hospitali. Waumini wa Kavonokya wa Ukambani na Tharaka wameikataa hospitali kwa miongo mingi, serikali imegombana nao juu ya chanjo za watoto, na ugomvi huo ni wa haki kabisa. Lakini hakuna aliyewahi kukuta uwanja wa makaburi ya siri nyuma ya nyumba zao. Alihimiza kufunga. Hapa Pwani tunaujua mfungo kuliko tunavyojua masika. Ukichukua fundisho moja moja ukaliweka mezani, hutaona mahali ambapo dini inaishia na balaa linaanzia. Ndiyo maana wanateolojia waliosikiliza kanda zake walitikisa vichwa tu, wakaendelea na shughuli zao.

Lipo pia jambo la pili linalonitia hofu kila nikisikia mtu anaita dini ya mwenzake potovu. Neno hilo lina historia kwetu, na historia hiyo ni chafu.

Mwaka 1921, huko Nkamba, Kongo ya Chini, Simon Kimbangu alianza kuwaombea wagonjwa. Alikuwa katekista wa misheni ya Kibaptisti. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu wakamiminika kwake. Aliwaambia waache hirizi, waache ngoma za anasa, waishi na mke mmoja. Haikupita miezi sita, mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ikamhukumu kifo. Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akafia gerezani Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1951, baada ya miaka 30. Wafuasi wake walihamishwa na kutawanywa katika majimbo ya mbali, na huko walikopelekwa wakaieneza dini ileile iliyowahamisha. Mwaka 1959 kanisa lake likatambuliwa, na mwaka 1969 likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Ni watu walewale. Kilichobadilika kwa kiasi kikubwa ni mwenye mamlaka ya kutoa jina.

Kwetu Kenya tunaye Elijah Masinde wa Kimilili, mcheza kandanda hodari kabla hajawa nabii, aliyelelewa na misheni ya Marafiki (Quakers) kisha akaanzisha Dini ya Msambwa. Serikali ya mkoloni haikujibu hoja zake. Ilimtangaza mwendawazimu, ikamweka katika hospitali ya Mathari. Alipotoka na kuendelea, dini yake ikapigwa marufuku mwaka 1948, na Malakisi polisi wakawafyatulia wafuasi risasi, watu wakafa. Masinde mwenyewe aliletwa huku kwetu Pwani, Lamu, akakaa kizuizini hadi Uhuru ulipokaribia. Wazee wa Bukusu wanaosema alikuwa mpigania haki na wanaosema alikuwa mtu wa fujo bado wapo, na sitaki kuwaamulia. Ninachosema ni kwamba waliotuita potovu zamani walikuwa na sababu zao, na sababu hizo hazikuhusu wokovu wetu.

Kwa hiyo tuna makosa mawili ya kuepuka kwa pamoja. Moja ni kumpiga mtu kwa ajili ya anachokiamini. La pili ni kunyamazia anachomtendea mwenzake kwa kuwa amekiita imani. Katiba yetu ya 2010 inalinda uhuru wa dhamiri katika kifungu cha 32, na katika kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto yatangulie mambo yote yanayomhusu. Vifungu hivyo viwili havigombani hata kidogo. Vinaonekana kugombana pale tu tunaposahau kusoma cha pili.

Sasa kipimo. Mimi nimeacha kuuliza kundi linaamini nini. Nauliza: mtu akitaka kuondoka hapa, atatokea wapi, na atakuta nini nje?

Turudi kwenye mfungo, maana ndio uliotumika kuua. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa ana ruhusa, msafiri ana ruhusa, mjamzito na anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake anakula na kulipa baadaye. Mtoto hajafaradhishiwa hadi abaleghe. Akifunga nusu siku ni kwa kujizoeza, na bibi yake atampa uji akimwona midomo imekauka. Jua likizama kila mtu anafuturu, tena hima. Kuunganisha siku kwa siku bila kufuturu, ile wisali, Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wetu hapa, wamekatazwa. Wakatoliki nao wana Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na sheria ya Kanisa inamfunga aliyefikisha miaka 18 hadi anapoingia mwaka wa 60, mgonjwa akiachwa nje. Ruhusa hizi hazikuwekwa kwa wenye imani dhaifu. Zimetokana na karne za kukaa na watu, kuzika watoto wao, kuhurumia wajawazito wao, na kujua kwamba mwili una mpaka. Dini kongwe zimejifunza kwa gharama kubwa kuweka mlango katika kila ukuta. Hata msichana anayetaka usista hupitia miaka ya malezi, na akisema hawezi hata usiku wa kuamkia nadhiri, atafungasha sanduku lake na kurudi kwao.

Mfungo wa Shakahola haukuwa na magharibi. Kulingana na manusura na maelezo yaliyotolewa na serikali, ulikuwa na zamu: watoto watangulie, kisha wanawake, kisha wanaume, na kiongozi awe wa mwisho. Simameni kidogo hapo. Katika dini zote tunazozijua, mtoto ndiye wa kwanza kusamehewa. Hapa mtoto alikuwa wa kwanza kutozwa.

Watu hunijia na kuniuliza, mbona hawakukimbia? Msitu hauna ukuta. Swali hili linaumiza jamaa za waliokufa, kwa sababu ndani yake mna lawama kwa marehemu. Naomba tulijibu kwa heshima.

Waliokwenda Shakahola hawakuwa wajinga. Alikuwemo mhudumu wa ndege, alikuwemo afisa wa polisi, walikuwemo watu wenye shahada na biashara. Mackenzie alikuwa amehubiri Malindi tangu 2003, na mahubiri yake yalifika mbali kwa televisheni na intaneti. Mwaka 2019 alifunga kanisa la mjini, akasema kazi yake imekwisha, akahamia msituni, na watu wakaanza kumfuata. Aliyefuata aliuza nyumba au kiwanja chake. Aliacha kazi. Alipewa au aliuziwa kipande cha ardhi msituni, katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia, Galilaya mmoja wapo. Wako waliochana vyeti vya shule na vitambulisho, kwa kuwa elimu ilikuwa ya Shetani na namba za serikali zilikuwa za mnyama. Simu zikanyamaza. Ndugu waliouliza wakaambiwa wao ndio dunia inayokimbiwa.

Mchukueni mama mmoja wa aina hiyo, siku ambayo shaka inamwingia. Hana nyumba ya kurudia, ameiuza. Hana kitambulisho, hawezi kupokea pesa kwenye simu hata kama angekuwa na simu. Hana cheti cha kuombea kazi. Dada yake alimtukana alipoondoka, naye akamtukana dada yake. Mtoto wake mmoja ameshazikwa hapo. Akikiri sasa kwamba fundisho lilikuwa la uongo, itambidi akiri pia mwanawe alikufa kwa ajili ya nini. Hapo ukuta hauhitajiki. Na ukuta wa aina fulani ulikuwepo: kwa maelezo ya polisi na ya walionusurika, walikuwepo walinzi waliowazuia waliotaka kuvunja mfungo. Lakini naamini kwa wengi mlango ulikuwa umeshafungwa siku ile kitambulisho kilipochanwa, na walinzi walikuja baadaye tu.

Ndiyo maana waokoaji walipofika, baadhi ya waliokuwa mahututi walikataa chakula. Na hapo serikali ikaonyesha jinsi ilivyokuwa haijaelewa. Juni 2023 watu 65 waliookolewa walipelekwa katika mahakama ya Shanzu, wakashtakiwa kwa jaribio la kujiua. Watu walewale ambao Jamhuri ilikuwa inasema ni wahasiriwa wa uhalifu mkubwa kuliko wowote tunaoukumbuka, wakasimamishwa kizimbani. Mlango wa kwanza waliofunguliwa kurudi duniani ulikuwa wa mahabusu. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, nami nilifurahi, ingawa kwa wale 65 ilikuwa imechelewa.

Kwa kipimo hiki, basi, jibu langu kwa swali la mwaliko ni wazi. Kule Malindi mwanzoni palikuwa na kanisa, lenye mafundisho magumu ambayo nayapinga, na waumini wake walikuwa na haki ya kuyaamini. Siku mtoto wa kwanza alipotolewa shuleni kwa amri ya mimbari, pakaanza kitu kingine. Walipohamia msituni kile kitu kingine ndicho kilichobaki, jina la kanisa likiwa juu yake.

Na kipimo hakichagui. Kikipita kwenye madrasa yenye mtoto aliyefungwa mnyororo mguuni, kitapata cha kusema. Kikipita kwenye parokia ambamo kilio cha mtoto kilizimwa ili jina la padri lisichafuke, kitapata cha kusema pia. Upande mwingine, kinatuzuia kuwaonea watu. Mnamkumbuka Babu wa Loliondo, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge kunywa kikombe chake kwa shilingi 500 za Tanzania, magari yakajaa kilomita nyingi, na mawaziri wakanywa pia. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao wakidhani wamepona, na hilo lilistahili onyo kali la madaktari. Lakini aliyekunywa alipanda gari akarudi kwake. Nyumba yake aliikuta, watoto aliwakuta, na kama alitaka kusema kikombe hakikumfaa, alisema.

Baada ya misiba, serikali hukimbilia vyeti. Mwaka 2016 Kenya ilitaka kanuni za kuwabana wahubiri kwa vyeti vya teolojia na vibali vya polisi. Viongozi wa dini wakapinga, zikaondolewa. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2018, ikamtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya dini, na maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa. Baada ya Shakahola wengi wanataka tufuate njia hiyo. Mimi siioni inakwenda wapi, na sababu yangu inaitwa Kanungu.

Tarehe 17 Machi 2000, kusini-magharibi mwa Uganda, kanisa la Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu liliteketea huku mamia ya watu wakiwa ndani. Siku zilizofuata yalipatikana mashimo yenye maiti katika nyumba nyingine za kundi hilo, na idadi ya waliokufa ikapita 700. Mmoja wa viongozi wake, Dominic Kataribaabo, alikuwa padri wa Kikatoliki mwenye shahada ya uzamili kutoka chuo kikuu cha Marekani. Joseph Kibweteere alikuwa mtu wa heshima, mwanasiasa na msimamizi wa shule. Kundi lilikuwa limesajiliwa. Lilikuwa na shule yake. Kwa vyeti, lingefaulu mtihani wowote tunaotaka kuuweka leo. Kanisa la Mackenzie nalo lilikuwa limesajiliwa.

Mtazameni basi Kanungu kwa mlango wa kutokea. Waumini waliuza mali na kuileta kwa viongozi. Waume walitenganishwa na wake, wazazi na watoto. Kuzungumza kulikatazwa, wakawasiliana kwa ishara, ati mtu asije akavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Na watu wasiozungumza hawawezi kuulizana kama wenzao nao wana shaka. Walitabiriwa mwisho wa dunia Desemba 31, 1999. Haukuja. Baadhi wakaanza kudai mali zao. Yaani wakaanza kutaka kuondoka, na miezi mitatu haikufika kabla ya moto. Kila jambo katika haya lilionekana na jirani, na mjumbe wa kijiji, na mwalimu. Hakuna hata moja lililohitaji mtaalamu wa teolojia.

Shakahola pia ilionekana. Mwaka 2017 Mackenzie alikamatwa kwa sababu ya watoto waliotolewa shuleni. Mwaka 2019 akakamatwa tena. Machi 2023, baada ya vifo vya watoto wawili waliodaiwa kunyimwa chakula na wazazi wao, alifikishwa mahakamani akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Wanakijiji walisimulia kwamba waliwaona watoto waliodhoofika, na kwamba walipojaribu kuwafikia walifukuzwa. Ripoti ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana, na ile ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, zote zimeeleza jinsi vyombo vya dola vilivyopuuza. Nimezisoma kwa uchungu, kwa sababu hazizungumzii siri. Zinazungumzia taarifa zilizofika mezani zikakaa.

Januari 2024 serikali ililitangaza kundi hilo kuwa la uhalifu wa kupangwa. Mwaka 2025, Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola, miili mingine zaidi ya 30 ikafukuliwa. Jina lilikuwa limepigwa marufuku; utaratibu wa kuwafungia watu mlango ulikuwa umebaki.

Ninachoomba kwa hiyo ni kidogo na kinawezekana. Kila shule ina daftari la mahudhurio. Watoto wa familia kadhaa zinazosali pamoja wakitoweka darasani muhula mmoja, mwalimu mkuu anajua kabla ya polisi kujua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na inatosha kumfikia mzazi bila mtu yeyote kumuuliza anasali wapi. Zahanati inajua ni akina mama gani wameacha kuleta watoto kupimwa uzito. Chifu anajua kila mtu anayezikwa kwenye eneo lake, au anapaswa kujua. Kaburi lililochimbwa bila kibali ni jambo la kufuatiliwa siku hiyohiyo, awe aliyezikwa ni wa dhehebu lolote. Na ndugu anayekwenda kituoni kusema dada yake ameuza nyumba, simu yake haipatikani, na watoto hawajaonekana miezi mitatu, asiambiwe kwamba dada ni mtu mzima na dini ni haki yake. Dada ni mtu mzima, ndiyo. Afisa aende akaonane naye akiwa peke yake, asimuliwe naye mwenyewe, na watoto waonekane kwa macho.

Ninyi mashehe na wachungaji mna kazi ambayo serikali haiiwezi. Mjifunze kumpokea anayerudi bila kumtangaza. Nimesikia makanisa yakimsimamisha manusura mbele ya umati atoe ushuhuda jinsi alivyopotea. Hafai kufanyiwa hivyo. Ametoka mahali ambapo maisha yake yalikuwa ya watu wengine kuyaamulia, na sasa tunamtumia tena.

Mtu mmoja aliniuliza kabla ya mhadhara huu tuwafanyeje waliookolewa ambao bado wanaamini yale mafundisho. Wapo. Jibu langu ni kwamba wana haki ya kuamini, kuimba, na kuungoja mwisho wa dunia, na hakuna afisa anayepaswa kuwapa makaratasi ya kutia saini kwamba wameacha. Wanachohitaji kutoka kwetu ni vile vilivyochanwa na kuuzwa: mahali pa kulala, cheti, ndugu wa kumpigia simu, mtoto kurudishwa darasani. Wapo pia jamaa wanaoendelea kungoja majibu ya vinasaba ili wajue ni mwili upi wa kwao, na hao nao wapewe nauli na watu wa kukaa nao. Kama kaunti na serikali kuu zinatafuta pa kuanzia, zianze na vitambulisho, bila ada, kwa kila aliyetoka msituni.